Mwenye Gitaa ni Nani?

Kila chombo cha muziki kina nasaba mbili. Nasaba ya kwanza ni ya mti uliokatwa, fundi aliyeuchonga, na nchi alikokaa fundi huyo. Nasaba ya pili ni ya mikono iliyokishika chombo, nyumba zilizokisitiri, na nyimbo zilizotoka tumboni mwake. Aijuaye nasaba ya kwanza tu hafai kuwa hakimu, kwa sababu amesoma nusu ya shauri na nusu ameiacha. Hata hivyo, gitaa dogo la mbao limehukumiwa siku nyingi na mahakimu wa namna hiyo. Na hukumu yao, kwa kuwa imerudiwa mara nyingi, sasa yataka kuchukuliwa kuwa ndiyo kweli.

Mahakimu wenyewe ni watatu. Wa kwanza ni mlinzi wa asili, asemaye kuwa gitaa ni chombo cha wageni, na mpigaji wake ni mtumwa wa mambo ya watu. Wa pili ni mlinzi wa adabu, asemaye kuwa gitaa ni mwenzi wa pombe na uzururaji, na kijana alishikaye amekwisha kupotea nusu ya njia. Wa tatu ni mpenzi wa vitu vya kale, asemaye kuwa gitaa la thamani ni lile lililoundwa Marekani katika miaka ya 1930, lenye chapa ya kiwanda chenye sifa, na kwamba lile lililotundikwa ukutani katika nyumba ya Nkunga ni kuni zilizokawia kuingia jikoni. Watatu hawa hawapatani. Wangefungiwa katika chumba kimoja wangegombana mpaka alfajiri. Lakini kosa lao ni moja. Wote hulitazama sanduku, wala hakuna hata mmoja amsikilizaye mpigaji.

Inafaa kuanza na huyu wa tatu, maana yeye ndiye mwenye lugha ya kitaalamu, na watu wengi hunyamaza mbele ya lugha hiyo hata pale inapowadhulumu. Gitaa alisifulo lina historia ya kweli. Kiwanda cha Martin, kilichoanzishwa New York mwaka 1833 na mhamiaji kutoka Ujerumani, kisha kikahamia Nazareth katika jimbo la Pennsylvania, kiliunda katika miaka ya 1920 na 1930 magitaa madogo yaliyokuwa ya mahogani mwili mzima. Kwa kawaida uso wa gitaa huwa wa mti laini wa nchi za baridi, wa jamii ya misonobari, na mgongo na mbavu huwa za mti mgumu. Katika haya madogo, uso nao ulikuwa wa mahogani. Hayakuwa na nakshi za chaza pembeni, wala mapambo shingoni. Kiwanda cha Gibson, kilichokuwa katika mji wa Kalamazoo, Michigan, kilifanya vivyo hivyo: kilitoa magitaa madogo ya bei nafuu yaliyobeba jina la mji huo, na biashara ilipozidi kudorora kikatengeneza hata vitu vya kuchezea watoto vya mbao ili mafundi wasikose mkate.

Sababu ya usahili huo haikuwa hekima ya sauti. Ilikuwa ni dhiki. Soko la hisa la New York lilianguka mwezi Oktoba 1929. Benki zikafungwa, wafanyakazi wakatolewa makazini, na mtu aliyebakiwa na dola chache hakuwa tayari kuzitoa kwa ajili ya ua la chaza juu ya ubao. Ndipo likapatikana gitaa la maskini: jembamba wa mwili, lililobanwa kiunoni, lenye rangi ya kahawia iliyoiva, na lenye sauti kavu, fupi, iliyo wazi kama neno la mtu asiyependa maneno mengi. Watu weusi wa kusini mwa Marekani waliimba huzuni zao kwa magitaa madogo ya namna hii. Robert Johnson, aliyerekodi nyimbo zake Texas mwaka 1936 na 1937 na kufariki mwaka 1938, anaonekana katika picha yake mashuhuri akiwa amepakata gitaa dogo la Gibson.

Basi, huyu mpenzi wa vitu vya kale anasifu nini? Anasifu kitu kilichotengenezwa rahisi kwa sababu mnunuzi alikuwa maskini. Asemapo kuwa sauti yake ni ya kweli, asema haki. Lakini aulizwe swali moja. Ikiwa umaskini wa Mississippi uliweza kulibariki gitaa, kwa nini umaskini wa Rungwe uwe laana kwa gitaa? Ikiwa mikwaruzo ya kucha katika uso wa gitaa la Marekani ni ushahidi wa maisha, kwa nini mikwaruzo ile ile katika gitaa la Nkunga iitwe uchakavu? Hapa mizani yake yaonekana kuwa na jiwe chini ya sahani moja. Hapimi sauti, wala hapimi umri, wala hapimi maisha. Anapima mahali pa kuzaliwa, kisha anaita kipimo hicho utaalamu.

Ushahidi wa neno hili haukosekani. Gitaa lililoenea sana kusini na mashariki ya Afrika halikuwa la Martin wala la Gibson. Lilikuwa gitaa la Afrika Kusini lenye chapa ya Gallotone, la kampuni ya Gallo, na jina hilo liliwaingia watu vinywani hata likawa jina la jinsi nzima: mpaka leo wako wapigaji wa Tanzania waliitao gitaa kavu lolote galatoni, liwe limetoka wapi liwalo. Lilikuwa la mbao za kubandikwa tabaka juu ya tabaka, tena la bei ndogo. Mwaka 1957 kijana mmoja wa Liverpool alikuwa na gitaa la chapa hiyo, lenye kibandiko ndani kilichoahidi kuwa halitapasuka. Kijana huyo alikuwa John Lennon, na mwaka 1999 gitaa hilo liliuzwa katika mnada wa Sotheby's, London, kwa zaidi ya pauni 155,000. Mti ule ule, gundi ile ile, kiwanda kile kile. Moja limeuzwa kwa bei ya majumba, na ndugu zake wamekuwa matandu ya buibui katika nyumba za Afrika. Tofauti ni nini ila nasaba ya pili, yaani mikono? Soko lenyewe, lisilopenda falsafa, limekiri kuwa thamani ya gitaa imo katika aliyelipiga na alichokipiga. Likiwa limekiri hivyo kwa Liverpool, halina udhuru wa kukataa kwa Nkunga.

Nkunga ni kata ya wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, katika nchi ya migomba, viazi, chai, parachichi na mvua isiyojua kuchoka. Mtu wa mbali akisikia jina la Tukuyu hufikiri pembe ya nchi iliyojitenga na dunia. Historia yasema kinyume. Wajerumani waliuita mji huo Neu Langenburg; wamisionari wa Moravian walikuwa wamekwisha kufika Rungwe mwaka 1891, na pamoja na Injili wakaja na nyimbo za kanisa zilizotungwa Ulaya. Dhiki ya 1929 nayo haikuishia Marekani. Bei ya mkonge na mazao mengine ya Tanganyika ilianguka, huku kodi ya serikali ikidai fedha taslimu kama kawaida. Lakini dhahabu ilikuwa imegunduliwa katika bonde la Lupa, wilayani Chunya, mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 machimbo yale yalivuta maelfu ya wanaume, Wanyakyusa wakiwa wengi miongoni mwao. Baadaye njia ikawa ndefu zaidi: wakaenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, na wengine mpaka kwenye dhahabu ya Johannesburg kwa mkataba wa kampuni ya kuajiri watu wa migodi iliyoitwa na watu Wenela, mpaka serikali ya nchi huru ilipoikatiza ajira hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Achukuliwe basi mtu mmoja wa safari hizo, asiyetajwa jina kwa kuwa majina yake ni mengi. Ameshuka chini ya ardhi akiwa kijana, akachimba mali isiyokuwa yake, akarudi kwao na blanketi, sanduku la bati, na gitaa dogo. Blanketi likaisha. Sanduku likapata kutu. Gitaa likabaki. Uzi ulipokatika, akachomoa unyuzi wa waya wa breki ya baiskeli akaufunga mahali pake. Alipotaka sauti ipande, akafunga kijiti cha penseli kwa kamba juu ya shingo. Mvua ya Rungwe ilipovimbisha mbao, akalitundika mbali na ukuta wenye unyevu. Jioni, wenzake wa rika moja walipoketi, aliwaimbia habari za mgodi ambazo barua haikuweza kuzibeba: aliyekufa kwa mwamba kuporomoka, mke aliyengoja, ng'ombe wa mahari waliopatikana na waliokosekana. Gitaa hilo lilikuwa daftari la mtu huyo. Anayeliita la kigeni na aeleze neno moja tu ndani yake ambalo lilikuwa la mgeni.

Hapo ndipo mlinzi wa asili ainukapo na methali yake mkononi: mwacha asili ni mtumwa. Methali ni ya kweli, bali imeazimwa kwa kazi isiyo yake. Yeye hukumbusha pia hotuba ya Mwalimu Nyerere ya mwezi Desemba 1962, alipoanzisha wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akasikitika kuwa watu walifundishwa dansi za Ulaya huku ngoma za wazee wao hawazijui. Ni kweli alisikitika, na alikuwa na haki. Lakini alichokilaumu ni aibu ya mtu juu ya vitu vya kwao. Hakukataza mti wala waya. Mchimbaji wa Nkunga aliyeimba kifo cha mwenzake kwa lugha ya mama yake hakuwa na aibu hiyo. Ugonjwa usiokuwa wake asinyweshwe dawa yake.

Tena asili yenyewe ikichunguzwa kwa makini haifanani na anavyoisimulia. Mganda, ngoma ya watu wa mwambao wa Ziwa Nyasa, huchezwa katika sherehe za taifa kama ngoma ya jadi, na ni haki yake. Walakini mpango wa safu zake na mwendo wa miguu yake umetokana na gwaride na bendi za askari wa kikoloni, mambo waliyoyaona watu katika nyakati za Vita Kuu ya Kwanza wakayageuza kuwa yao. Taarabu ya Unguja, ambayo kikundi chake cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, imejengwa juu ya udi, kanuni na fidla, vyombo vilivyovuka bahari. Nani leo athubutuye kusema kuwa taarabu si ya Waswahili? Ikiwa gwaride la mkoloni limekuwa ngoma kwa muda usiofika karne moja, na fidla imekuwa ya Kiswahili, basi sheria ya asili si sheria ya mahali kitu kilipoanzia. Ni sheria ya mahali kilipokubaliwa, kikalelewa, kikasema lugha ya nyumbani. Kwa sheria hiyo gitaa limekwisha kupata uraia, na ni dhuluma kumdai cheti cha kuzaliwa mtu ambaye watoto wake wamezaliwa kijijini.

Kuna kisa cha Kenya kinachofaa kukumbukwa na wote wawili, mlinzi wa asili na mpenzi wa vitu vya kale. Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani mwenye gitaa, alifariki mwaka 1933. Santuri zake zilifika katika nchi ya Wakipsigis, na sauti yake ikawastaajabisha watu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika Mashariki na mitambo ya kunasia sauti, alirekodi huko wimbo juu ya mtu huyo, jina lake likiwa limegeuka kuwa Chemirocha. Wimbo uliimbwa na wasichana kwa zeze la kwao lenye nyuzi. Gitaa la miaka ya dhiki lilisema kwa santuri, na zeze la Kipsigis likajibu. Hakukuwa na mtumwa hapo, wala bwana. Palikuwa na mazungumzo. Anayeogopa mazungumzo kwa jina la asili hailindi asili. Anaifungia chumbani hata ife kwa kukosa hewa.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1952, Tracey huyo huyo alimkuta Jadotville, mji uitwao sasa Likasi, kijana aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930. Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean Bosco. Alipiga gitaa kwa kidole gumba na cha shahada, vidole viwili tu, na kutoka vidole hivyo zikatoka sauti ambazo msikilizaji aliapa kuwa ni za watu wawili. Nyimbo zake nyingi ziliimbwa kwa Kiswahili, zikafika Nairobi kabla yake, na mwenyewe akafika baadaye. Mtaalamu wa muziki David Rycroft aliandika upigaji wake noti kwa noti, akauchapisha mwaka 1961 na 1962 katika jarida la muziki wa Afrika. Wakati huo huo Fundi Konde alikuwa Kenya, Frank Humplick na dada zake walikuwa Moshi wakiimba kwa Kiswahili, na magharibi mwa Kenya George Mukabi alipiga gitaa kavu huku mwenziwe akigonga chupa ya soda kwa kipande cha chuma ili kushika mwendo. Hiki ndicho kizazi kilichofanya gitaa liseme Kiswahili. Wasomi wa ng'ambo walilitambua jambo hilo wakaliandika. Wenyeji wengi walilisikia wakacheza, kisha wakasahau kuandika.

Amebaki mlinzi wa adabu, naye hoja yake ni nyepesi ijapokuwa sauti yake ni kubwa. Asema gitaa lilipigwa vilabuni. Ni kweli. Ngoma nayo ilipigwa vilabuni, na mlango wa kilabu ulichongwa na seremala aliyechonga mimbari ya kanisa. Kisu hukata nyama ya sadaka na hukata mtu. Hakuna aliyekihukumu chuma. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama anayeisema angeleta badala yake kitu bora. Alicholeta katika makanisa na kumbi nyingi ni kinanda cha umeme chenye mapigo yaliyotiwa kiwandani, ambacho mpigaji hubonyeza kidude kimoja kikapiga ngoma, besi na zumari pamoja. Kinanda hicho si dhambi, bali ni mvivu, na humfundisha kijana kuwa muziki ni kuchagua na wala si kutenda. Kijana aliyelelewa na gitaa dogo hujua kuwa kila sauti ana deni nayo: asipoibonyeza kwa kidole chake mwenyewe, haipo. Kama adabu ni kujua kuwa hakuna pato pasipo kazi, gitaa lina adabu kuliko kinanda.

Mpaka hapa yamesemwa ya hukumu. Sasa yasemwe ya hasara, maana hukumu mbaya isiyoleta hasara yaweza kuachiwa wapenda mabishano. Hasara ya kwanza ni ya watu. Wale waliorudi kutoka migodini wamekwisha kuwa wachache sana, na kila mmoja afapo huzikwa pamoja na namna yake ya kufunga nyuzi, namna yake ya kugawa kazi kati ya gumba na shahada, na nyimbo ambazo hazikuimbwa na mtu mwingine. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Wilaya nzima yaweza kupoteza nusu karne ya historia yake ya kazi ya mgodini, si kwa moto wala kwa vita, bali kwa dharau tu: dharau ya anayesema kuwa ni ya kigeni, ya anayesema kuwa ni ya walevi, na ya anayesema kuwa si ya kiwanda chenye jina.

Hasara ya pili ni ya mti, na hii ni chungu zaidi kwa sababu ni kichekesho. Mahogani aliyesifiwa sana ni mti wa Amerika ya kitropiki. Umekatwa kwa pupa kwa karne nyingi, hata aina yake kubwa ikawekwa chini ya ulinzi wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ulinzi ulioanza mwaka 2003. Ndugu yake wa Afrika ni mkangazi, mti wa Tanzania, wa ukoo mmoja na huyo Mmarekani na wa ukoo mmoja pia na mwarobaini unaotia kivuli nyua za pwani. Mkangazi una rangi ile ile ya kahawia yenye wekundu, na mbao zake huchongeka vizuri. Maseremala wanaujua kwa makabati na vitanda, na wavuvi kwa mitumbwi. Viwanda vya magitaa vya ng'ambo navyo vinautumia. Mpingo, ambao ni mti mgumu na mweusi, umekuwa ukisafirishwa kutoka Tanzania kwenda kuwa zumari za Ulaya, na hufaa mno kwa ubao wa shingo ya gitaa. Mti wa mwili upo. Mti wa shingo upo. Mikono ipo. Lakini kijana wa Nkunga atakaye gitaa hungoja lililoundwa mbali, la mbao za kubandikwa, lenye nyuzi zilizo juu mno kiasi cha kumtoa damu vidoleni, kisha huambiwa kuwa hana kipaji.

Hapa watazuka wapinzani wawili, na wastahili kujibiwa kwa heshima. Wa kwanza atasema kuwa misitu imekwisha kuumia, na kumhimiza seremala kuunda magitaa ni kumpa shoka jipya. Neno lake ni zito. Mkangazi wenyewe, pamoja na jamaa zake wa Afrika, uliingizwa katika mkataba ule wa kimataifa mwaka 2022, na haikuwa bure. Lakini hesabu na ifanywe. Mbao za uso na mgongo wa gitaa dogo huwa nyembamba, za milimita chache; kitanda kimoja hula mti ambao ungetosha magitaa mengi. Mti ukatwao kwa kibali ukafanywa chombo cha kudumu miaka themanini umeheshimiwa kuliko mti unaopita barabarani usiku ukiwa magogo. Tena yuko mfano wa nchini: mwaka 2009 vijiji vya wilaya ya Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji bora wa misitu yao, mpingo ukiwa humo. Mwenye faida katika mti ulio hai ndiye mlinzi wake wa kwanza.

Mpinzani wa pili atasema kuwa uundaji wa gitaa ni elimu ya juu, na seremala wa Tukuyu aundaye viti na milango hawezi. Huyu amesahau kisa cha kiwanda chake mwenyewe. Magitaa ya miaka ya dhiki yanasifiwa leo kwa sababu yaliachwa sahili. Hayakutaka nakshi. Yalitaka ubao uliokaushwa taratibu, mbavu zilizopindwa kwa joto, gundi ya kweli, na shingo iliyonyooka. Katika nchi ya mvua kama Rungwe, kukausha ubao ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na seremala aliyekwisha kuona mlango wake ukivimba mwezi Aprili anayajua hayo kuliko mtu aliyeyasoma kitabuni. Gitaa la kwanza litakuwa baya. La tano litakuwa la wastani. La ishirini litaimba. Hakuna kiwanda duniani kilichoanza na la ishirini.

Yapasayo kutendwa si mengi, wala hayangoji fedha za nje. Shule ya sekondari iliyo na karakana na iunde gitaa moja kwa mwaka, liwe baya au zuri, na wanafunzi walione likizaliwa. Chuo cha sanaa cha Bagamoyo kina walimu. Lakini Bagamoyo ni mbali na Nkunga, na mwalimu mmoja atakayesafiri kwa mwezi mmoja ni bora kuliko wanafunzi mia wasioweza kusafiri kamwe. Chuo kikuu kinachowafundisha vijana historia ya ajira ya migodini na kiwatume wakiwa na simu zao, ambazo zina uwezo wa kunasa sauti kuliko mitambo aliyobeba Tracey kwa gari zima, wakae na wazee wa Rungwe, wawapige picha vidole, wawaulize nani aliwafundisha, na wimbo ulitungwa kwa msiba gani. Kanisa lililolitoa gitaa nje na liliite ndani, likae karibu na ngoma. Na yule mnunuzi wa vitu vya kale, akifika katika nyumba iliyo na gitaa ukutani, asianze kuuliza bei. Aanze kuomba wimbo. Baada ya wimbo, kama bado ana ujasiri wa kutaja bei, aitaje.

Itakuja siku ambapo gitaa dogo la mkangazi litaundwa katika wilaya ya Rungwe, na hapana shaka watazuka mahakimu wengine wa kulipima. Mmoja atasema limeiga la Marekani. Mwingine atasema halikuiga vya kutosha. Wapewe viti, waketi, na waambiwe wanyamaze kidogo. Kijana atafunga uzi wa sita, ataujaribu kwa gumba, ataupandisha, ataushusha, kisha atapiga. Mwenye gitaa ni nani, atakuwa amejibu mwenyewe.